Jinsi ya kuanzisha klabu ya filamu huru Mwanza: kuanzia watu wanane hadi onyesho la mtaa

Mwanza haina uhaba wa watazamaji. Zunguka Igoma, Mabatini au Kirumba jioni yoyote utakuta vibanda umiza vimejaa, muvi ya Kihindi au ya Kikorea inatafsiriwa na dijei, vijana wamebanana kwenye mabenchi. Kwenye simu watu wanarushiana vipande vya filamu kutwa. Kinachokosekana ni mahali ambapo filamu ikiisha taa zinawashwa, watu wanabaki kwenye viti na kuulizana: jamani, tumeona nini? Mwongozo huu ni wa kujenga mahali hapo, kwa ajili ya filamu ambazo hazifiki vibandani wala kwenye majumba ya sinema. Naziita filamu huru: zinatengenezwa nje ya makampuni makubwa, mara nyingi kwa fedha kidogo, na mtu aliyekuwa na jambo lake akataka kulisema kwa namna yake.

Niseme msimamo wangu mapema, maana ushauri wote unaofuata unatoka hapo. Klabu ya filamu inapona au inakufa kwenye mazungumzo. Ukiwa na televisheni ya inchi 43, watu wanane na mazungumzo ya kweli, tayari una klabu. Ukiwa na projekta mpya, viti mia moja, na watu wanaonyanyuka majina ya waigizaji yanapoanza kupanda, una kibanda kingine tu. Kwa hiyo kila unapobakiwa na muda au fedha ya ziada, ipeleke upande wa mazungumzo kwanza.

Njia hii ina wenyeji wake wa siku nyingi. London kulikuwa na chama cha watazamaji tangu 1925, kilichoonyesha filamu ambazo majumba ya biashara hayakuzitaka, na mwaka 1947 vyama vya nchi mbalimbali vikaunda shirikisho lao la kimataifa. Afrika nako, tamasha la filamu la FESPACO la Ouagadougou, Burkina Faso, lilianzishwa mwaka 1969 na kundi la wapenzi wa sinema. Walikuwa watu waliotaka kuona filamu za Kiafrika na kuzijadili, wakaanza na walichokuwa nacho.

Hatua ya 1: Tafuta watu wanane, na uwachanganye

Usianze na tangazo. Anza na watu wanane unaoweza kuwapigia simu. Wakiwa wote wanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu cha SAUT, mtajadili kama darasa, na mgeni wa kwanza kutoka mtaani atajiona amepotea njia. Changanya: mwalimu mmoja, fundi, mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, mpiga picha wa harusi, mwanafunzi, mtu mzima aliyeona mengi, bodaboda anayependa stori. Hakikisha wanawake ni nusu tangu siku ya kwanza. Kundi likianza na wanaume saba na dada mmoja, litabaki hivyo hivyo, kwa sababu dada wa pili akichungulia mlangoni atageuza.

Kaeni kikao kimoja tu cha kupanga, kisizidi saa moja, na gaweni kazi nne. Mtu wa filamu (anatafuta na kuandikia wenye haki), mtu wa vyombo, mtu wa fedha na mtu wa mazungumzo. Kazi hii ya nne msimpe msemaji mkubwa wa kundi. Mpeni anayejua kusikiliza. Uenyekiti, ukatibu na vyeo vingine vitasubiri hadi mtakapohitaji karatasi.

Hatua ya 2: Siku, saa na ukumbi

Kabla hujachagua siku, fungua ratiba ya mpira. Siku ya Simba na Yanga hakuna filamu itakayoshinda, iwe nzuri namna gani. Jumamosi na Jumapili jioni kuna ligi za Ulaya, na katikati ya wiki, Jumanne na Jumatano usiku, kuna Ligi ya Mabingwa. Kwa Mwanza napendekeza Jumapili saa 9:00 alasiri, mara mbili kwa mwezi, au Ijumaa saa 11:30 jioni kwa kundi la mjini linalotoka kazini. Ukishachagua usibadilishe. Watu huzoea "Jumapili ya pili na ya nne" kuliko tarehe, na mazoea hayo ndiyo yatakayokuletea watu siku ambayo umesahau kuwakumbusha.

Fikiria pia watu watarudije nyumbani. Mazungumzo yakimalizika saa 4:00 usiku, anayekaa Buhongwa au Kisesa atahangaika na daladala, na wazazi hawatamruhusu binti yao mara ya pili. Panga kila kitu kiishe mapema.

Ukumbi wa bure au wa bei ndogo hupatikana kuliko watu wanavyodhani: darasa la shule, ukumbi wa kanisa au wa msikiti unaokodishwa kwa shughuli za jamii, chumba cha maktaba ya mkoa, mgahawa usio na wateja Jumapili mchana. Mimi naamini zaidi kwenye wazo ambalo wengi hawalifikirii: nenda kwa mwenye kibanda umiza. Ana giza, ana mabenchi, ana spika, ana jenereta, na kibanda chake kinakaa kitupu saa ambazo hakuna mechi. Mkodishe kwa saa tatu. Akiona watu wapya wanaingia mlangoni kwake atakuwa rafiki yenu. Na dijei wake, anayejua kushika masikio ya watu mia moja kwa sauti yake peke yake, ni mtu wa kumkaribisha kwenye mazungumzo, kwani anajua watazamaji wa mtaa huo wanacheka wapi na wananyamaza wapi.

Ukichagua kuonyesha nje, kumbuka jiografia yetu. Mwanza iko magharibi kuliko Dar es Salaam lakini tunatumia saa zile zile, kwa hiyo jua letu huchelewa kuzama: kati ya saa 12:40 jioni na saa 1:10 usiku kulingana na mwezi. Picha ya projekta haitaonekana vizuri hadi nusu saa hivi baada ya hapo. Na ukiwa karibu na ziwa, mwanga wa projekta unaita wadudu. Zipo jioni ambazo wingu la wadudu wa ziwani linapanda kutoka majini na kuja moja kwa moja kwenye lenzi. Washa taa kali mita kumi na tano pembeni, mbali na pazia, iwavute huko, au sogea juu mlimani kidogo.

Ndani nako kuna adui wake. Ukumbi wa bati bila dari, mvua ikipiga, hausikii mazungumzo ya filamu hata spika iwe kubwa. Kuanzia Oktoba hadi Mei tafuta chumba chenye dari, au uwe na filamu yenye maandishi ya chini ili watu waendelee kufuatilia.

Hatua ya 3: Karatasi

Sehemu hii watu huikimbia, halafu inawafuata. Mkiwa wanane sebuleni kwa mtu, mnaangalia filamu yenu, hilo ni jambo la nyumbani. Mnapoalika umma, mambo matatu yanaingia.

La kwanza ni kikundi chenyewe. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa, kisha Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu, Jiji la Mwanza kwa wa Nyamagana, Manispaa kwa wa Ilemela. Mtaombwa katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na orodha ya wanachama. Katiba ya kurasa tatu inatosha: jina, lengo, nani anaingia, viongozi wanapatikanaje, fedha zinatunzwaje, kikundi kikivunjika mali zinakwenda wapi.

La pili ni filamu kuonyeshwa kwa umma. Jambo hili liko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua filamu na kuzipangia umri wa watazamaji. Mlango wenu wa karibu ni Afisa Utamaduni wa halmashauri. Mwendeeni mapema, na mkiwa na orodha ya filamu za miezi mitatu mkononi. Muwe na maelezo ya aya moja kwa kila filamu: inahusu nini, ya nani, ya mwaka gani, ina urefu gani, inawafaa wa umri upi. Afisa anayejua mnachofanya atawasaidia. Anayesikia kwa watu ataanza na mashaka.

La tatu ni haki za mwenye filamu, na hapa nina maneno zaidi.

Hatua ya 4: Pata filamu kwa njia ya halali

Kuwa na nakala ya filamu hakukupi ruhusa ya kuionyesha hadharani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aionyeshe kwa umma, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo yenye kusimamia. Akaunti ya Netflix ni ya matumizi binafsi, haikupi ruhusa ya ukumbi. Flashi ya "muvi elfu moja" inayouzwa stendi haina ruhusa ya mtu yeyote.

Nawaomba mlichukulie hili kwa moyo na si kwa kuogopa faini pekee. Mtengenezaji wa filamu huru hana kampuni nyuma yake. Filamu yake ikizunguka bure bila yeye kujua, hiyo ndiyo filamu yake ya mwisho. Klabu inayosema inapenda filamu huru kisha inaiba filamu hizo inajikata mkono wenyewe.

Habari njema ni kwamba watengenezaji huru wanapatikana. Wengi wana kurasa zao kwenye mitandao na wanajibu wenyewe. Mwandikie kwa adabu, kwa ufupi na kwa uwazi kuhusu fedha. Barua yenyewe iwe hivi:

"Ndugu, habari za kazi. Sisi ni klabu ya watazamaji hapa Mwanza, tupo ishirini na tano. Tungependa kuonyesha filamu yako Jumapili ya pili ya mwezi ujao, mara moja tu, kwenye ukumbi wa viti arobaini. Kiingilio ni mchango wa shilingi 2,000. Tunaweza kukulipa kiasi fulani kutoka humo, tafadhali tuambie masharti yako. Baada ya filamu tunakaa saa nzima tukiizungumza, na tutafurahi ukiungana nasi kwa simu dakika ishirini. Faili hatutalinakili, tutalifuta baada ya onyesho. Asante."

Wengine watataja bei, wengine watawapa bure kwa sharti la kujibiwa watazamaji walisema nini. Tunzeni ahadi zote mbili: ya kufuta faili na ya kumwandikia baada ya onyesho. Klabu inayojulikana kwa uaminifu hupata filamu kabla ya wengine.

Njia nyingine ni matamasha. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa 1997. Pitieni programu zake za miaka iliyopita, mkachukue majina ya filamu fupi na waongozaji wa Afrika Mashariki, kisha muwatafute mmoja mmoja. Vituo vya utamaduni vya nchi za nje vilivyoko Dar es Salaam, kama Goethe-Institut, navyo vina filamu zenye haki za kuonyeshwa bila faida. Andikeni mkiwa na barua ya kikundi.

Hatua ya 5: Panga ratiba ya miezi mitatu ya kwanza

Kosa la kawaida la klabu changa ni kuanza na filamu ndefu na nzito iliyosifiwa Ulaya. Anza na fupi. Filamu ya dakika ishirini inawaachia watu nguvu ya kuongea, na anayeichukia hajapoteza jioni yake.

Filamu ambayo ningeiweka ya kwanza kabisa ni Borom Sarret, ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1963. Ni dakika ishirini hivi. Mtu wa mkokoteni wa farasi Dakar anaanza siku yake kwa sala na anabeba abiria, wengi wao hawalipi. Anaingia mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa, askari anamnyang'anya mkokoteni, na medali yake ikianguka chini askari anaikanyaga. Anarudi nyumbani na farasi peke yake. Mke wake anamkabidhi mtoto, anamwambia watakula usiku huo, anatoka. Filamu inaishia hapo. Weka filamu hiyo mbele ya watu wa mji ambao mikokoteni inapanda kutoka Mwaloni kila alfajiri, halafu uliza swali moja: yule mama amekwenda wapi? Hutahitaji swali la pili kwa nusu saa.

Ya pili iwe ya kwetu. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inahusu mwanamke anayeumwa na hofu yake kwa tiba ya jadi. Haifiki dakika arobaini. Kwa Usukumani, ambako karibu kila ukoo una la kusema juu ya waganga wa jadi, la heri au la shari, filamu hiyo ina kazi.

Ya tatu iwe ya kufurahisha, na ya familia: Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya, ya 2018, ambapo jamii nzima inaungana kumtengenezea filamu mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa. Leteni watoto. Leteni leso pia.

Baada ya hapo mnaweza kwenda kwenye ndefu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wanaijua tangu shuleni, kwa hiyo ukumbini watakuwepo watu wenye kulinganisha kitabu na picha, na mjadala wa namna hiyo hauchoshi. Kati ya ndefu na ndefu, rudini kwenye fupi.

Hatua ya 6: Vyombo

Kwa watu hadi ishirini, televisheni kubwa na spika moja nzuri vinatosha. Zaidi ya hapo ndipo projekta.

Kwa chumba chenye giza, tafuta projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 za ANSI au zaidi. Neno ANSI lina maana kwenye ununuzi, kwa sababu projekta nyingi ndogo za bei rahisi zimeandikwa lumeni elfu kadhaa kwenye boksi na mwanga wake halisi ni sehemu ndogo tu ya hizo. Usinunue kabla hujaiwasha dukani, mlango umefungwa. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya upana wa mita 2.4 inataka mita 3.6 hivi kutoka lenzi hadi pazia. Pima chumba kwanza.

Pazia mnaweza kushona wenyewe. Nunua bafta nyeupe, fundi cherehani aiunganishe kwa mishono michache iwezekanavyo, nyuma yake ashonee kitambaa cheusi ili mwanga usipenye, na pembeni aache pindo la kupitisha kamba. Vipimo: upana mita 2.4, urefu wa kwenda juu mita 1.35. Kwenye ukumbi wa kudumu, ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa unashinda kitambaa chochote.

Sauti ndiyo inayoharibu maonyesho mengi. Spika zikae mbele, karibu na pazia, usawa wa masikio ya waliokaa, na besi ipunguzwe ili maneno yasikike. Kaa benchi la mwisho, sikiliza dakika tano kabla ya watu kuingia. Ongeza sauti kidogo tu, maana ukumbi ukijaa miili ya watu inameza sauti.

Umeme ukikatika katikati ya filamu, mjadala nao umekatika. Piga hesabu: projekta wati 250 na spika wati 50 ni wati 300, filamu ya dakika 90 inakula wati-saa 450. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya madini ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600, na inveta nayo inachukua sehemu yake. Kwa hiyo betri moja iliyojaa inamaliza filamu moja, kwa kubana. Ukitumia jenereta, iweke nje mbali na madirisha, kwa sababu ya kelele na zaidi kwa sababu ya moshi wake, ambao unaua.

Jaribu faili lote siku moja kabla, kwa kompyuta ile ile na waya ule ule wa HDMI. Lote, hadi mwisho.

Hatua ya 7: Maandishi ya chini kwa Kiswahili

Ukionyesha filamu ya Kifaransa yenye sabtaito za Kiingereza, umewaacha nje nusu ya watu uliowaalika, na hawatakuambia; hawatarudi tu. Kutafsiri ni kazi inayowezekana. Faili la sabtaito ni maandishi ya kawaida yenye namba, muda wa kuanza na kumaliza, na maneno. Muombe mtengenezaji faili hilo, linaloitwa SRT, pamoja na ruhusa ya kulitafsiri, lifungue kwa programu ya bure kama Subtitle Edit, badilisha mstari kwa mstari. Isizidi mistari miwili kwa mara moja, na kila mstari uwe na herufi zisizozidi arobaini hivi, kwa sababu Kiswahili ni kirefu na mtazamaji anahitaji kusoma na kuona. Fupisha bila huruma. Lihifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, ulipe jina sawasawa na la filamu, na programu ya VLC italisoma lenyewe.

Gawaneni kazi hii: watu watatu, kila mmoja theluthi, kisha mmoja apitie yote ili mhusika asiitwe "kaka" mwanzoni na "bwana" mwishoni. Mkimaliza, mpelekeeni mtengenezaji nakala. Ni zawadi kubwa kwake.

Hatua ya 8: Onyesho lenyewe, na saa moja baada yake

Funga mlango dakika kumi baada ya muda uliotangaza. Maonyesho mawili ya kwanza watu watalalamika, la tatu watawahi. Kabla ya filamu mtu mmoja aseme dakika mbili tu: ya nani, ya wapi, ya lini, tutazungumza baadaye. Asieleze maana yake.

Filamu ikiisha, acha majina yapite hadi mwisho. Washa taa taratibu, upande mmoja kwanza. Nyamazeni dakika moja. Mwongozaji wa mazungumzo anayeogopa ukimya huo na kuujaza kwa maoni yake ameua jioni, kwa sababu kila atakayefuata atakuwa anamkubali au anampinga yeye.

Swali la kwanza lisiwe "mmeipenda?" Likiulizwa hilo, watu wanajibu ndiyo au hapana na mlango unafungwa. Uliza: picha gani imebaki machoni mwako? Kila mtu anaweza kujibu, aliyesoma na asiyesoma. Tuseme mmeonyesha Borom Sarret: mmoja atasema mguu wa askari juu ya medali. Mwingine atasema magurudumu. Mama mmoja kwenye kona atasema:

"Mimi mikono ya yule mke."

"Mikono imefanya nini, mama?"

"Imempa mtoto bila kumwangalia mume usoni."

Hapo ndipo klabu inapoanza. Mwongozaji asimtafsirie mama yule, amgeukie tu jirani yake na kuuliza kama naye aliona.

Kutoka kwenye picha nenda kwenye namna ilivyotengenezwa: kamera ilikuwa wapi, tulisikia sauti gani, kwa nini tumeonyeshwa hiki na tukanyimwa kile. Kisha, mwisho kabisa, nenda kwenye maisha: hili kwetu likoje? Ukianza na maisha, baada ya dakika tano mnajadili serikali, dini au ndoa ya mtu, na filamu imesahaulika.

Kwetu mtu mzima akishasema, kijana anameza neno lake. Heshima hiyo siombi ivunjwe. Ipange. Mwongozaji aseme mwanzoni: "Shikamooni wazazi wetu. Leo tunaomba vijana waanze, ninyi mtufungie." Wazee wengi wanaipenda nafasi ya kufunga, na vijana wanapata nafasi ya kufungua. Anayeongea kwa Kisukuma aachwe amalize, kisha jirani awape wengine kwa Kiswahili. Hakuna anayezungumza mara ya pili kabla wanaotaka mara ya kwanza hawajamaliza. Mwenye maneno mengi mpe kazi ya kuandika yanayosemwa. Atanyamaza kwa heshima na daftari la klabu litanufaika.

Watu wakibishana kwa ukali, rudisheni kwenye filamu: "Ulikiona wapi hicho? Turudi pale." Chezeni tena kipande hicho cha dakika mbili. Mara nyingi pande zote mbili hugundua walikumbuka vibaya, na ubishi unakuwa mzuri kuliko ulivyoanza.

Fedha

Mchango wa 2,000 kwa mtu, wanafunzi nusu, asiye nacho aingie. Kila onyesho gawa kwa mafungu yanayojulikana: mwenye filamu, ukumbi, umeme, akiba ya vyombo. Andika kwenye karatasi na ubandike mlangoni onyesho linalofuata. Kahawa na karanga za jirani wa pale nje zinunuliwe kwake, msimfungulie ushindani.

Filamu inayohitaji maandalizi ya pekee

Itafika siku mtu atasema: tuonyeshe Darwin's Nightmare. Ni filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper wa Austria, iliyopigwa hapa hapa Mwanza, kuhusu sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo, watoto wa mitaani na umaskini wa mwambao. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu za maelezo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwa namna ilivyoichora nchi, na Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi hadi wakafikishana mahakamani na mwongozaji. Nimekutana na wengi mjini wanaoilaani au kuitetea bila kuwahi kuiona.

Naamini klabu ya Mwanza ina haki na wajibu wa kuizungumza filamu hiyo kuliko klabu yoyote duniani. Ila isiwe ya kwanza. Subirini hadi kundi lijue kusikilizana, na ombeni ruhusa zote mapema, ya mwenye haki na ya mamlaka. Alikeni aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha samaki, mchuuzi wa mapanki (mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu), mvuvi, na mtu wa utafiti wa samaki. Swali la kuongoza liwe la kifilamu: kamera imechagua nani, imemwacha nani, na picha mbili zikiwekwa pamoja zinatufanya tuamini jambo gani ambalo hakuna aliyelitamka? Gaweni jioni mbili, moja ya kutazama na kuzungumza kidogo, nyingine wiki inayofuata ya mjadala wenyewe, watu wakiwa wamelala nayo.

Kutoka hapo kwenda mbele

Ukifikisha miezi sita, fanya mambo mawili. Kwanza, tengeneza mwongozaji wa pili na wa tatu wa mazungumzo. Mmoja aongoze, mwingine akae nyuma aandike nani hakusema, ili onyesho linalofuata aulizwe mapema. Pili, toeni jioni moja kila baada ya miezi mitatu kwa filamu za wenyeji: mwanafunzi wa chuo, mpiga picha wa harusi aliyejaribu hadithi yake, kijana wa Ukerewe aliyerekodi kwa simu. Zisizidi dakika kumi na tano kila moja. Mwenye filamu akae mbele, lakini asiseme kitu hadi watazamaji wamalize kueleza walichokiona, kisha ndipo aulize maswali yake yeye. Mwambieni mapema alete daftari.